Jogoo Kaniponza Jeshini

Mwenzenu nina kesi ya kijeshi. Siyo JWTZ, msianze kupiga simu nyumbani. Ni jeshi la kwenye kompyuta, gemu la Arma 3, ambako watu wazima wanavaa hedifoni, wanapeana vyeo na kupigiana saluti kama vile kuna mshahara. Hakuna mshahara. Bando najinunulia.

Nina miaka 41. Hapa Mbagala wateja wananiita fundi mkuu. Kwa jamaa zangu wa kikosini, walioko Ohio kule Marekani, mimi ni kuruta, na sajenti wangu ana miaka 19.

Kuripoti ni Jumamosi saa mbili usiku, saa zao. Kwangu hiyo ni saa tisa usiku, kuamkia Jumapili. Novemba wakirudisha saa zao nyuma inakuwa saa kumi. Ukichelewa dakika tano unaandikwa, ukikosa bila kuomba ruhusa wewe ni mtoro. Mwezi wa sita luku iliisha katikati ya doria, nikabaki gizani nimeshika kipanya. Nikaandika maelezo kwa Kiingereza changu cha shule ya kata, kwamba nilitoweka kwa sababu uniti zote zimeisha. Sajenti akapandisha taarifa juu. Wakubwa wakashinda siku nzima wanatafuta ni kikosi gani kimeangamia.

Sasa hili la jogoo. Redio yetu inatumia kitufe cha Caps Lock, kile cha herufi kubwa: ukibonyeza unasikika, ukiachia umenyamaza. Nidhamu yenyewe ni sema kifupi, achia. Mimi nilimwagia chai pale, na chai ya mke wangu mnaijua, sukari vijiko vinne. Kitufe kikazama, kikagoma kurudi.

Tumelala kwenye nyasi za Altis, kisiwa cha humo kwenye gemu, kilomita za mraba 270, tunainyemelea rada ya adui. Kimya. Hakuna anayepumua. Jogoo wa jirani akawika. Akarudia. Halafu ikaja sauti kutoka chumbani: "Baba Zuhura, hiyo taa inazimwa au nije niizime mwenyewe?" Kikosi kizima kimesikia, na mtu wa bunduki kubwa kacheka mpaka kafyatua.

Nimesomewa makosa matatu: kuziba redio, kuhatarisha operesheni, na kuruhusu raia kuingia kwenye mawasiliano. Raia ni mke wangu. Nilipomtafsiria, akauliza kama hao wakubwa zangu ndio watakaolipa ada ya Zuhura.

Na hicho kisiwa kina mikosi yake, nisijilaumu sana. Kimenakiliwa kutoka Lemnos, Ugiriki. Mwaka 2012 watengenezaji wawili wa gemu walikamatwa huko wakituhumiwa upelelezi kwa kupiga picha, wakakaa ndani siku 129. Mimi nimepewa wiki mbili za kurudia somo la redio, nafundishwa namna ya kusema "nimekupata" na mtoto ambaye sauti bado inamkatika.

Kesi nimempelekea baba mkwe, maana yeye jeshi analijua, alikwenda Kagera 1979. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akauliza, "Na huyo jogoo hamjamchinja bado?"

Kinachoniuma ni cha Jumamosi iliyopita. Sajenti yuko katikati ya kunifokea kuhusu kelele za nyumbani, mara kwenye redio yake tukamsikia mama mtu: takataka hazijatolewa nje, na sahani ziko vilevile kwenye sinki! Akasema, "Naenda, mama." Operesheni ikasimama robo saa tukimsubiri atoe taka. Hakuandikwa. Hakuna aliyesema raia kaingia redioni.

Nikafungua kitabu cha kanuni. Imo: mwenye malalamiko ayapeleke kwa maandishi kwa mkubwa wake wa karibu. Mkubwa wangu wa karibu ni yeye. Nimeandika barua kurasa mbili, yote kwa herufi kubwa maana kitufe bado hakijapona, nimemkabidhi. Amenijibu kwamba analishughulikia, ila kwanza nieleze kwa nini nampigia kelele.