Watu wa ziwa tunasubiri sana, vitabu viko wapi?

Nikilinganisha maisha ya huku Marekani na ya kwetu Mwanza, kinachoniuma zaidi si barabara wala mishahara. Ni vitabu. Sisemi vitabu vya shule. Nasema kitabu cha mtu mzima kujisomea, riwaya au historia, kinachopatikana palepale mtu alipokwama.

Mimi ni fundi wa mashine za hospitali, naishi Ohio, na majira haya ya baridi kazi ilinipeleka Buffalo, mji ulio kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie. Nilipofika, utabiri ulishatangaza dhoruba ya theluji. Wenyeji wa Buffalo hawayapuuzi maneno hayo. Novemba 2014 baadhi ya vitongoji vyao vilifunikwa na theluji ya zaidi ya mita moja na nusu, na dhoruba ya Desemba 2022 iliua makumi ya watu, wengine wakiwa ndani ya magari yao. Chanzo ni ziwa lenyewe. Upepo wa baridi kali ukivuma kwa urefu wa ziwa ambalo bado halijaganda, unazoa mvuke, kisha unaumwaga nchi kavu ukiwa theluji. Mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa mara mbili. Ziwa letu la Victoria, linalolizidi Erie kwa zaidi ya mara mbili, nalo hujitengenezea hali yake ya hewa: usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji yenye joto, na radi zinapiga hadi alfajiri. Waulizeni wavuvi wa dagaa.

Dukani watu walikuwa wakibeba mikate, maziwa, betri na makoleo. Kaunti ikishapiga marufuku magari barabarani, unakaa hapohapo ulipo. Chumbani kwangu hotelini kulikuwa na televisheni na Biblia ya Wagideoni kwenye droo. Biblia naisoma, ila nilitaka na kitu kingine, na umeme ukikatika chaji ya simu ni ya kutunza. Nilimuuliza mama wa mapokezi wapi nitapata kitabu. Hakushangaa hata kidogo. Akaniambia kituo cha mafuta nitakuta magazeti ya watu maarufu tu, niende maktaba ya mtaa, na niwahi kwa kuwa siku hiyo wanafunga mapema.

Kuazima nisingeweza, sina kadi ya huko. Lakini karibu na mlango palikuwa na rafu ya vitabu vilivyoondolewa kwenye maktaba na vingine vilivyotolewa na wakazi, vinauzwa kwa bei ya chini kabisa, pesa unatumbukiza mwenyewe kwenye kopo. Hakuna anayelinda. Mzee mmoja mwenye buti za kazi alikuwa anachagua historia za vita. Mama mmoja aliwaacha watoto wake kila mmoja ajitafutie chake. Dada yangu alipopiga kutoka Igoma, Mwanza, kuniuliza, "Mdogo wangu, chakula unacho?" nilimjibu ninacho, na vitabu ninavyo.

Kimoja kilikuwa historia ya meli zilizozama kwenye yale maziwa makubwa ya huku. Ndimo niliposoma habari za Edmund Fitzgerald, iliyozama Ziwa Superior tarehe 10 Novemba 1975 na watu wote 29 waliokuwamo. Meli hiyo imeandikiwa vitabu vingi, hata vya watoto. Nikamfikiria dada yangu, anayeishi karibu na makaburi ya ndugu zetu waliozama na meli ya MV Bukoba. Mei 21, 1996 tulipoteza mamia ya watu, Mwanza ikiwa karibu kabisa. Nimekulia mji ule, na sijawahi kukuta kwenye duka lake lolote kitabu cha Kiswahili kinachomweleza kijana aliyezaliwa baadaye jinsi ilivyokuwa. Waliookoka wanazeeka. Hili ndilo lililoninyima usingizi usiku ule, wala haikuwa theluji.

Kuna wanaosema Watanzania hawasomi. Sikubali. Nendeni saluni yoyote ya Kirumba muone gazeti moja linavyopita mikono ya watu wote waliomo, na mmoja akiwasomea wenzake kwa sauti. Usomaji wa namna hiyo, wa pamoja na wa kubishana, huku sijauona, na ninaukumbuka sana. Tatizo ni kwamba kitabu hakipo pale tunaposubiri. Na sisi tunasubiri mno! Meli ya Bukoba ni usiku kucha. Boti ya Nansio, kisiwani Ukerewe, ni saa kadhaa. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko ilimaliza siku za watu. Stendi ya Nyegezi, mabenchi ya Bugando ambako ndugu wa wagonjwa hukaa tangu asubuhi, kote huko utauziwa mayai, maji, soksi na chaja. Kitabu hapana.

Maktaba ya mkoa tunayo, na ilinilea. Lakini mkoa una watu zaidi ya milioni 3.5.

Nitaambiwa Marekani ni tajiri. Ni kweli, fedha za tajiri mmoja wa zamani, Andrew Carnegie, peke yake zilijenga maktaba zaidi ya 1,600 nchini humu. Lakini vile visanduku vya vitabu vya bure ninavyoviona mbele ya nyumba za watu vilianza mwaka 2009 na mtu mmoja tu, Todd Bol wa Hudson, Wisconsin, aliyetengeneza kisanduku cha mbao akakisimika mbele ya nyumba yake. Fundi seremala wa Mabatini anashindwa nini hapo?

Ombi langu kwa wenzangu wa ughaibuni: tusikusanye mabaki ya Kiingereza yasiyotakiwa huku na kuyasafirisha nyumbani. Tutume pesa, vinunuliwe vitabu vya Kiswahili kwa wachapishaji wa nyumbani. Ningeanza na abiria wa Nansio, kwa sababu Ukerewe ndiko kwao Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaiandika upya mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapwa 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Msafiri wa kwenda kisiwani kwake angeikuta hapo anaposubiri boti.

Kabati la kwanza la vitabu hivyo nitalilipia mimi. Ninachotafuta ni mtu aliyeko Mwanza wa kuzungumza na wasimamizi wa gati kuhusu mahali pa kuliweka, na atakayeshika ufunguo.