Mwacheni ndugu akae na mzee wake wodini

Mzee wa miaka 76 analazwa kwa nimonia. Anaingia wodini akili zake timamu, anamsalimia daktari, anauliza mahindi yamefika bei gani. Usiku wa pili anaanza kuita watu waliokufa zamani. Anang'oa dripu, anataka kushuka kitandani akafungue ng'ombe. Asubuhi anatulia na ndugu wanashusha pumzi. Jua likizama anaanza upya. Mmoja anasema ni uzee tu. Mwingine anasema hapa kuna mkono wa mtu. Nesi wa zamu, aliyeachiwa wodi nzima na mwenzake mmoja, anamfunga mikono kwa bandeji ili dripu isitoke tena.

Huko ni kuweweseka, na kwa mzee aliyelazwa ni dharura ya kitabibu kama ilivyo homa kali au presha iliyoporomoka. Ubongo umezidiwa na jambo fulani mwilini: maambukizi ya mapafu au ya njia ya mkojo, malaria, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, sodiamu iliyopungua kwenye damu, mkojo uliofunga, choo kilichokwama siku kadhaa, au dawa aliyopewa pale pale hospitalini. Si sawa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao humnyemelea mtu kwa miaka. Kuweweseka huja kwa saa au siku chache, hupanda na kushuka, na alama yake kubwa ni kwamba mgonjwa hawezi kushika mazungumzo: unaanza naye sentensi, katikati ameshapotea. Mwambie ataje siku za juma kwa kurudi nyuma. Aliyekuwa akiweza jana, leo anakwama.

Ipo pia aina ya kimya, na hiyo ndiyo inayonitisha zaidi. Mzee halii, hang'oi kitu, hasumbui mtu. Analala tu, ukimwita anafumbua jicho na kulifumba. Wodini anasifiwa kuwa mgonjwa mtulivu, na kwa kuwa hasumbui, hakuna anayeuliza kwa nini hali yake imebadilika.

Tatizo hili si dogo hapa kwetu. Watafiti waliowapima wazee waliolazwa katika wodi za magonjwa ya ndani za Hospitali ya Rufaa ya KCMC, Moshi, walikuta karibu mmoja kati ya watano anaweweseka. Sehemu kubwa ya hali hiyo inaweza kuzuilika, na tumelijua hilo tangu mwaka 1999.

Mwaka huo Sharon Inouye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti uliohusu wagonjwa 852 wa miaka 70 na kuendelea. Hawakujaribu dawa mpya. Walichukua mambo sita yanayomweka mzee hatarini (akili iliyokwisha dhoofika, kukosa usingizi, kulala kitandani bila kutembea, kutoona vizuri, kutosikia vizuri na upungufu wa maji) na kwa kila moja wakapanga la kufanya. Aliyekuwa na miwani alivalishwa miwani yake. Asiyesikia alizibuliwa masikio au kupewa kifaa cha kusikia. Mzee alikumbushwa mara kwa mara yuko wapi na leo ni siku gani, aliongelewa habari za nje, alinyanyuliwa na kutembezwa, alihimizwa kunywa. Usiku, badala ya kidonge cha usingizi, alipewa maziwa ya moto au chai ya majani ya mitishamba na kukandwa mgongo, na wodi ikapunguziwa kelele. Katika wagonjwa waliohudumiwa hivyo, walioweweseka walikuwa asilimia 9.9, kwa wale wa huduma ya kawaida walikuwa asilimia 15.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watu wa kujitolea waliofundishwa. Walitafutwa kwa sababu kitandani pa mzee wa Marekani mara nyingi hapana mtu. Kwetu mtu yupo. Ameshika chupa ya uji, amekaa nje kwenye majani chini ya mwembe, anasubiri mlinzi afungue geti.

Hilo ndilo linaloniuma. Tuna binti, mjukuu, shemeji, jirani wa kanisani au msikitini, watu wako tayari kukaa na mzee usiku na mchana, nasi tunawaruhusu kwa muda wa saa moja tu asubuhi, mwingine mchana na mwingine jioni, kisha tunawafukuza kwa filimbi. Halafu mzee anaachwa na giza, na sura asizozijua, na taa inayowashwa kila nesi anapopita, na kikombe cha maji kilichowekwa mahali mkono wake haufiki.

Mama yangu mkubwa alilazwa hivyo katika hospitali ambayo sitaitaja. Tuliambiwa turudishe nyumbani miwani yake na meno yake ya bandia visije vikaibiwa, na kwa kweli wizi wodini upo. Kwa hiyo mwanamke ambaye bila miwani haoni sura ya mtu aliye hatua mbili kutoka kwake alilala usiku kucha akiona vivuli vinavyomsogelea na sindano. Alipiga kelele. Alichomwa dawa ya kumtuliza, na kesho yake hakuamka mpaka jioni, hakula, hakunywa, na kifua kikazidi. Tulipopewa ruhusa mmoja wetu akae naye, miwani ikarudi usoni, akaanza kunywa, na polepole akaanza kutuita kwa majina yetu. Sisemi miwani ndiyo iliyomponya. Antibayotiki zilifanya kazi yake. Ila kisa kimoja cha nyumbani kwetu si ushahidi, na kwa bahati nzuri hatulazimiki kukitegemea, kwa sababu suala la ndugu kitandani limepimwa.

Chile walilipima kwa wagonjwa 287 waliolazwa, matokeo yakatoka mwaka 2012. Ndugu walifundishwa kuhusu kuweweseka, wakaongezewa muda wa kukaa na mgonjwa hadi saa tano kwa siku, wakaweka saa na kalenda karibu naye, wakaleta vitu vichache anavyovijua kutoka nyumbani, na wakahakikisha miwani na meno ya bandia havitoki kitandani. Walioweweseka walikuwa asilimia 5.6, dhidi ya asilimia 13.3 kwa wasiopata huduma hiyo. Kisha China, katika Hospitali ya West China mjini Chengdu, wakauchukua mpango ule wa Yale na kuutengeneza upya ili familia ibebe sehemu kubwa ya kazi. Wagonjwa walikuwa 281, wote wa miaka 70 na kuendelea, wote wamefanyiwa upasuaji. Mwaka 2020 walitoa matokeo: asilimia 2.6 waliweweseka katika kundi la mpango huo, asilimia 19.4 katika kundi jingine, na waliokuwa kwenye mpango walirudi nyumbani mapema zaidi kwa takriban siku nne.

Sijui dawa ya kuzuia kuweweseka inayokaribia hapo. Hata dawa tunazokimbilia mzee akishaweweseka hazijajitetea vizuri. Mwaka 2018 utafiti uliofanyika Marekani kwa wagonjwa mahututi 566 ulilinganisha haloperidoli (dawa ya kumtuliza aliyechanganyikiwa) na dawa nyingine ya jamii hiyo dhidi ya dawa bandia isiyo na kitu ndani. Hakuna iliyofupisha siku za kuweweseka. Diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, kwa mzee ndiyo mbaya zaidi, kwani yenyewe huweza kuanzisha tatizo, isipokuwa pale ambapo chanzo ni mtu kuachishwa pombe ghafla. Na utafiti wa Yale wenyewe ulionesha jambo ambalo wakuu wa hospitali wanapaswa kulisoma mara mbili: mzee akishaanza kuweweseka, hatua zile hazikupunguza kwa maana ukali wa hali hiyo wala kurudi kwake. Faida ilikuwa katika kuzuia. Maana yake ndugu anatakiwa awepo tangu siku ya kwanza. Kumwita usiku wa tatu, wakati mzee ameshafungwa bandeji, ni kuchelewa.

Najua majibu yatakayotolewa. Wodi zimejaa, wagonjwa wawili kitanda kimoja, ndugu atakaa wapi? Maambukizi. Wizi. Wodi ya wanaume akae binti, wodi ya wanawake akae kijana? Haya ni maswali ya kweli na sitayapuuza. Lakini angalia wodi za watoto: mama hulala na mwanawe, na hakuna anayedhani kumtoa getini saa kumi na mbili jioni ni usafi au usalama. Tulikubali kwamba mtoto hawezi kuachwa peke yake, tukapanga nafasi kulingana na ukweli huo. Mzee wa miaka 80 mwenye homa hana uwezo wa kujitetea kuliko mtoto wa miaka minane. Ndugu mmoja, mwenye kadi yenye jina lake, aliyefundishwa kunawa mikono, wa jinsia inayofaa wodi ile, si umati. Umati ni ule unaoingia kwa pamoja saa ya kuona wagonjwa, watu kumi kuzunguka kitanda kimoja.

Jibu moja tu linanipa tabu, nalo halisemwi na hospitali. Anayekaa na mgonjwa ni nani? Karibu kila mara ni mwanamke. Anafunga genge lake, anaacha watoto kwa jirani, na analala kwenye khanga sakafuni. Hospitali ikimgeuza kuwa nesi asiyelipwa, kumwogesha mgonjwa, kumgeuza, kubeba mkojo, kwa sababu serikali haikuajiri manesi wa kutosha, basi tumemdhulumu huyo ili kumwokoa mzee. Kwa hiyo naomba kitu chenye mpaka. Ndugu afanye lile ambalo hakuna mwingine awezaye: kuwa sura inayojulikana, sauti inayojulikana, mkono unaosogeza kikombe. Vidonda, sindano na kugeuza mgonjwa vibaki kwa waliosomea. Apewe kiti. Familia zenye wanaume wengi ziambiwe waziwazi kwamba zamu ni ya wote. Kijana wa miaka 25 anaweza kabisa kumkumbusha babu yake kwamba leo ni Jumanne.

Wala isisemwe kwamba utafiti wa namna hii ni wa nchi tajiri. Wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 watafiti waliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea, kijiji kwa kijiji, kutafuta ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kutokana na kazi ya huko kikapatikana kipimo kiitwacho IDEA, ambacho mzee asiyewahi kushika kalamu anaweza kukifanya: sehemu yake moja ni kupanga njiti za kiberiti zifuate mchoro. Watu wa kupima tunao na vipimo tunavyo. Ninachotaka kukiona ni hospitali moja ya mkoa ikichukua wodi mbili, moja ndugu wakae kwa kadi na mafunzo ya nusu saa, nyingine iendelee na utaratibu wa filimbi, na wazee wapimwe kila siku kwa mwaka mzima.

Wakati tunasubiri, mwenye mzee anayelazwa leo aombe kuonana na nesi mkuu wa wodi kabla ya saa za jioni. Amweleze jinsi mzee alivyo siku zote akiwa mzima: anasali mwenyewe au hasali, anajua hesabu za duka au hajui, anasikia sikio gani. Ataje kila dawa anayotumia, na za mitishamba pia. Miwani ifungwe kamba shingoni ili isiibiwe. Na mzee akibadilika, hata kama ni kwa ukimya, ndugu aseme, "Hakuwa hivi jana," aseme tena kwa daktari wa asubuhi, na asikubali kuambiwa ni uzee mpaka mkojo, sukari, damu na orodha ya dawa viwe vimeangaliwa.