Zidaka za Lamu: kupima si kuchelewesha

Kila panapotajwa ukarabati wa nyumba kongwe za Lamu, swali halikosi: kwa nini watu washinde wakipima na kuchora karatasini zidaka, vile vishubaka vya plasta yenye nakshi ukutani, ilhali boriti za dari zinaoza?

Wanaouliza wana hoja. Mchoro hauzuii mvua. Tena vyumba vya ndani kabisa, ambako ukuta mzima waweza kujaa zidaka, ni faragha ya familia. Humo watoto wamezaliwa na maiti wameoshwa. Mwenye nyumba akikataa kamera, asiitwe mjinga. Anajua pia kwamba tangu mji uingizwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, macho juu ya kuta zake yamezidi.

Lakini anayepima hachori pambo tu. Hushika tochi ubavuni mwa ukuta, mwanga ukapita kando, na nakshi iliyofunikwa na chokaa ya kupaka, koti juu ya koti, ikaonyesha kivuli chake. Hugonga kwa kidole: plasta iliyoachana na jiwe hulia kama debe tupu, naye hutia alama hapo. Huandika chumvi imepanda mpaka wapi.

Bila alama hizo fundi hukisia, na siku hizi kukisia huishia kwenye saruji. Chokaa ya matumbawe yaliyochomwa hupitisha unyevu wa ukuta, saruji huuzuia. Basi kiraka cha chini kinakaa kigumu, kinapendeza, fundi keshalipwa. Unyevu nao unapanda nyuma yake hadi kwenye zidaka. Ukikauka huacha chumvi, na chumvi hubandua polepole nakshi ya karne ya 18 ikawa unga. Asubuhi unafagiwa, jioni umeanguka mwingine. Na nakshi zile zilikatwa kwa mkono, si kwa kalibu, kwa hiyo hakuna pa kuzitoa tena isipokuwa kwenye vipimo, kama vilichukuliwa.

Dari inayovuja izibwe leo, sina ubishi. Turubai halimzuii mtu kupima chini yake. Faragha nayo ina dawa: mchoro ubaki kwa mwenye nyumba, nakala itoke kwa idhini yake, na kazi ya vyumba vya ndani wapewe wanawake waliofunzwa. Kwingineko, fundi atakayetia kiraka ndiye ashike ncha ya pili ya tepu. Akishagonga mwenyewe, hatauliza tena saruji iko wapi.