Mganga hajigangi: nani alimsikiliza mwanasaikolojia wakati wa Korona?

Kila inapotajwa habari ya wanasaikolojia na washauri nasaha waliochoka wakati wa Korona, jibu huja haraka: si wao waliosomea namna ya kutuliza moyo? Waliokuwa mstari wa mbele ni wauguzi waliokesha wodini ndani ya mavazi ya kujikinga, na wahudumu wa afya wa Kenya waliogoma Desemba 2020 wakidai bima na vifaa. Mwanasaikolojia alikuwa kwake, mlango umefungwa, akizungumza na watu kwa simu. Huruma, wanasema, iende kwanza kwa aliyekuwa karibu na kifo.

Hoja hiyo ina uzito na sitaipuuza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wahudumu wa afya wapatao 115,500 huenda walikufa kwa Korona kati ya Januari 2020 na Mei 2021. Hatari haikugawanywa sawasawa, na anayesikiliza kwa simu hakuivuta hewa ya mgonjwa. Kuna jambo jingine zito zaidi. Utafiti wa shirika hilo hilo katika nchi 130, uliotolewa Oktoba 2020, ulionyesha kwamba asilimia 93 ya nchi zilikuwa na huduma muhimu za afya ya akili zilizovurugika au kusimama kabisa, wakati ule ule mahitaji yalipokuwa yakipanda. Katika hali hiyo, mshauri aliyeamua kupumzika mwezi mzima alimwacha mtu mlangoni. Wanaosema mteja kwanza hawana roho mbaya. Wanamwona mteja ambaye sisi wengine tunamsahau tunapozungumzia wataalamu tu.

Lakini wanakosea mahali pamoja, napo ndipo penye kiini: wanadhani elimu ya kutibu hofu humkinga mtu na hofu.

Chukua takwimu za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, kilichowauliza wanasaikolojia wenye leseni mwaka hadi mwaka. Mwaka 2020, asilimia 41 walisema wamechoka kupita kiasi kwa sababu ya kazi. Mwaka 2021 wakawa asilimia 46. Mwaka 2022, asilimia 45. Nimesikia watu wakizipuuza namba hizo: haijafika hata nusu, na nani hakuchoka miaka ile? Mimi hainitoki akilini hiyo 46, kwa sababu ya mwaka wake. Mwaka 2020 ndio uliokuwa wa giza, wa kutojua ugonjwa unaambukizwa vipi, wa barabara tupu. Mwaka 2021 Marekani ilikuwa na chanjo tele. Kama mzigo ungekuwa ni hofu ya virusi peke yake, uchovu ungeshuka. Ulipanda. Kilichopanda pamoja nao ni foleni: walioripoti kuletewa wateja wengi zaidi walitoka asilimia 37 wakafika 62, na waliokiri kwamba hawawezi tena kukidhi mahitaji walitoka asilimia 30 wakafika 41. Na hao ni watu wenye leseni, katika nchi tajiri, wanaozijua dalili za uchovu kuliko mtu yeyote. Kuzijua hakukuwaponya. Tena waliojibu ni wale ambao bado walikuwa kazini; aliyekwisha kuiacha taaluma hakuwemo katika hesabu.

Sasa rudi Kenya. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye kafyu ikaanza, na haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Watoto wengi walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Kuna kipindi mazishi yaliruhusiwa watu kumi na watano tu, katika jamii ambazo msiba hukusanya ukoo mzima na majirani wa vijiji vitatu. Mshauri nasaha aliyemsikiliza mtu akilia kwamba baba yake amezikwa haraka haraka bila nyimbo na bila matanga, alikuwa anaishi chini ya amri ile ile. Mama yake mshauri naye alikuwa kijijini, mwenye umri na shinikizo la damu, na kutoka Nairobi kulikuwa kumefungwa. Karo ilimsumbua. Wateja wake waliofutwa kazi hawakuweza kulipia vikao, na anayelipwa kwa kikao hana likizo ya ugonjwa.

Katika siku za kawaida mshauri husimama ukingoni na kumtupia kamba aliye majini. Wakati wa janga wote wawili wako majini. Wataalamu wa New York walilieleza jambo hili baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, walipojikuta wanatibu watu kwa jeraha ambalo wao wenyewe walikuwa nalo. Hali hiyo ina faida yake, kwa kuwa mteja huhisi anaeleweka bila maelezo marefu. Hasara ni kwamba mshauri hupoteza umbali unaomwezesha kuona.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa nje halioni kwa urahisi. Mshauri amefungwa na kanuni ya kutunza siri za mteja. Muuguzi akitoka zamu anaweza kumwambia mumewe leo wamekufa wanne. Mshauri hawezi kuketi mezani akasimulia aliyoyasikia saa nne asubuhi. Kabla ya Korona mzigo huo ulitoka kidogo kidogo: mazungumzo ya chai ofisini, dakika tano za ukumbini na mwenzake wa taaluma, kikao cha kila mwezi na mshauri mkongwe wa kumsikiliza yeye. Kazi ilipohamia kwenye simu, mambo hayo madogo yalikuwa ya kwanza kupotea, kwa sababu hayakuandikwa katika mkataba wa mtu. Vikao na wateja vilihamishwa vyote.

Wanaopinga hupenda kumtaja Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha tiba ya kuchambua nafsi kwa mazungumzo, na wana haki. Januari 1920, binti yake Sophie alikufa Hamburg kwa homa kali ya mafua iliyozagaa duniani, akiwa mjamzito. Treni hazikuwepo na baba hakuweza kufika mazishini. Alirudi kwa wagonjwa wake Vienna, na aliwaandikia rafiki zake kwamba kazi inamsaidia kusahau. Huo ni ushahidi kwamba kazi inaweza kuwa dawa, nami naukubali. Wako washauri ambao mwaka 2020 wateja ndio waliowaamsha kitandani. Ila hadithi haikuishia pale. Aprili 1929, siku ambayo Sophie angetimiza miaka 36, Freud alimwandikia mwenzake Ludwig Binswanger, aliyekuwa amefiwa na mwana, kwamba hasara ya namna hiyo haipati mbadala. Miaka tisa ilikuwa imepita. Na alimwandikia mwenzake wa taaluma, mtu anayejua kusikiliza.

Wahenga waliposema mganga hajigangi hawakuwa wanamcheka mganga. Walisema anahitaji mganga mwingine. Ndiyo maana sipendezwi na ushauri uliotolewa wakati ule, kwamba mtaalamu ajitunze, alale mapema, apumue polepole, atembee jioni. Ni mambo mazuri, lakini yanamrudishia mzigo yule yule aliyeelemewa, na akishindwa anaona amefeli hata katika fani yake mwenyewe.

Kinachofaa ni saa moja kwa wiki ya kusikilizwa na mtaalamu mwenzake, iliyoandikwa katika mkataba na kulipwa kama kikao chochote, pamoja na kikomo cha idadi ya wateja kwa siku. Wanaohesabu gharama watasema saa hiyo anaibiwa mteja, na kwa nchi yenye wataalamu wachache pingamizi hilo si dogo. Lakini hesabu ifanywe hadi mwisho: mshauri anayeacha kazi anaondoka na saa zake zote, na kumpata mwingine ni miaka ya masomo. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga liliishauri serikali ya Kenya itangaze matatizo ya afya ya akili kuwa dharura ya kitaifa. Wizara na kaunti zinazoandaa sasa mipango ya milipuko ijayo zinahesabu barakoa, vitanda na mitungi ya oksijeni. Mstari wa malipo ya anayemsikiliza mshauri unaweza kuongezwa humo humo, kabla mlipuko haujaja.