Kapasha mara tatu na hajaingizwa

Jumamosi nimetoka uwanjani na hasira ambazo mpaka leo hazijaisha. Mechi ya watoto chini ya miaka 11, timu ya mpwa wangu inaongoza nne bila, zimebaki dakika kama kumi, na kocha bado kang'ang'ania walewale aliowaanzisha. Mpwa wangu kaambiwa akapashe mara tatu. Mara tatu! Kila mara anavua koti, anakimbia pembeni ya chaki, anamwangalia kocha, anarudi kukaa. Refa kapuliza mwisho, wenzie wanarukaruka, yeye anawapigia makofi na jezi yake safi kama ilivyotoka kabatini. Njiani hakulalamika hata kidogo, ila kaniuliza tu, "Anko, hivi mimi ni mbovu sana?"

Kocha nilishamuuliza kwa heshima kabla hatujaondoka, akanijibu, "Kaka, ligi ni ligi, nikidondosha pointi mtanijia juu nyinyi nyinyi wazazi." Nitalirudia hilo.

Kitu watu wengi hawataki kukiona ni kwamba benchi lenyewe ndio linatengeneza hao tunaowaita wabovu. Mtoto wa miaka 10 anayecheza mechi nzima kila wiki anakabwa, anapokonywa mpira, anakosea, wiki inayofuata anajua ainue kichwa kabla pasi haijamfikia, anajua beki akimjia kwa kasi aupeleke wapi, na hivi vitu mazoezini huvipati vyote manake mazoezini anayekukaba ni rafiki yako unayemjua chenga zake zote. Yule anayesugua benchi anapewa dakika tatu za mwisho, anaingia mwili umeshapoa, presha imempanda, anagusa mpira mara moja anaupoteza, na kocha anageuka kutuangalia kama vile kapata ushahidi. Msimu ukiisha tofauti yao imekuwa kubwa kweli kweli na kocha anaonekana alikuwa sahihi toka mwanzo, kumbe kaitengeneza mwenyewe, wiki kwa wiki.

Na huyo wa kikosi cha kwanza alipewa namba kwa lipi siku ile ya kwanza? Mara nyingi alikuwa mkubwa tu. Umri kwenye ligi yao unahesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari, mpwa wangu kazaliwa Desemba, nahodha wao Januari, wote wanaitwa wa mwaka mmoja lakini mmoja kamzidi mwenzie karibu miezi 11, na kwa mtoto wa miaka 10 hiyo ni mifupa, ni kasi, ni nguvu ya shuti. Watafiti wa Kanada waliliandika hili toka 1985 kwenye hoki ya barafu, kwamba waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka ni wengi mno kwenye timu za juu kuliko wa miezi ya mwisho, na baadaye likaonekana hivyohivyo kwenye soka. Yani mtoto anakalishwa kwa sababu ya tarehe aliyozaliwa, halafu kwa kukalishwa anabaki nyuma kweli. Griezmann, yule mshambuliaji Mfaransa, alikataliwa na klabu za Ufaransa kwa udogo wa mwili, akachukuliwa na Real Sociedad ya Hispania, na 2018 kabeba Kombe la Dunia na Ufaransa hiyohiyo. Yeye alipata wa kumchukua. Wangapi walishatundika njumu wakiwa na miaka 12?

Mtaniambia tutakuza watoto wasiojua kushindana. Norwei hawaruhusu misimamo ya ligi wala orodha za matokeo mpaka mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 11, na nchi hiyo yenye watu milioni tano na kitu ilitoka Olimpiki ya baridi ya 2018 na medali 39, nyingi kuliko nchi yoyote. Na Marekani kuna AYSO, wanaendesha soka la watoto toka 1964, sheria yao kila mtoto anacheza angalau nusu ya mechi. Nusu tu jamani, na wanafunga magoli na wanashinda kama wengine.

Haya, nakubali, kijana wa miaka 17 kwenye timu ya ushindani apiganie namba yake. Na mtoto asiyekuja mazoezini bila sababu, sawa, akae. Lakini huyu wangu hajakosa mazoezi hata siku moja, na timu ilikuwa inaongoza nne bila, sasa hapo kocha alikuwa analinda nini?

Kwenye suala la wazazi kocha hajakosea, inaniuma kusema hivyo. Nimesimama nao pale, nimewasikia wanavyopiga kelele "mtoe huyo!" kwa mtoto wa mwenzao, na mimi mwenyewe nimenyamaza. Kwa hiyo Jumamosi ijayo nitamfuata kocha kabla ya mechi, sio baada, nimwambie apange wote, kila mtoto nusu mechi, na siku akifungwa kwa ajili ya hilo nitasimama upande wake mbele ya wazazi wenzangu, hata kama goli limeingia kwa kosa la mpwa wangu.