Muswada wapewe na kidato cha pili

Mwandishi wa riwaya za vijana hapa kwetu Tanzania ana msomaji mmoja anayemuota usiku na mchana, naye si kijana. Ni orodha ya vitabu teule vya sekondari. Kitabu kikiingia humo, kinauzika nchi nzima. Kisipoingia, mwandishi anabaki na maboksi chini ya kitanda, asubuhi anarudi kwenye kibarua kinachomlisha.

Basi anaandika cha kuonya, ili orodha imkubali. Ndiyo maana vijana wa kwenye vitabu vingi wananiboa. Binti akipenda ukurasa wa 20, ujue kufika wa 60 ana mimba au kaacha shule. Hakuna anayependa, akaumia, akapona na hesabu akafaulu.

Na msiseme vijana hawasomi. Panda daladala ya Nkuhungu hapa Dodoma jioni, uchungulie simu za wenzio (najua, si adabu). Hukosi mmoja aliyezama sehemu ya 14 ya hadithi ya WhatsApp, iliyokatwa pale pale mlango unapogongwa, na chini yake namba ya kutumia hela upate sehemu ya 15. Nukta hakuna, majina ya wahusika yanabadilika njiani, lakini mtoto anatoa hela yake ya chipsi. Mwandishi yule hana mhariri wala mchapishaji. Anachojua ni kwamba kijana hafungui hadithi ili aonywe.

Euphrase Kezilahabi hakuwa hata na miaka 30 riwaya yake Rosa Mistika ilipotoka, 1971. Ilipigwa marufuku shuleni, baadaye ikaja kufundishwa. Mwisho wake ni mchungu, sawa, ila Rosa ni mtu. Anapigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana, nawe msomaji unauma meno.

Sasa tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa 2023 chini ya Taasisi ya Elimu. Mshindi anapata milioni 10 na kitabu chake kinapelekwa shuleni. Hilo nalipigia makofi. Ila wanaoamua ni watu wazima, tena wasomi, na mwandishi mjanja ataandika cha kuwapendeza wao.

Mimi ningewatolea kopi za miswada inayoshindania tuzo wanafunzi wa kidato cha pili wa Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, bila kuwaambia nani kaandika. Swali liwe moja tu: uliachia ukurasa wa ngapi?