Dolores si jina la mkosi

Watu wengi wakisikia kwamba Dolores kwa Kihispania ni maumivu, tena kwa wingi, hushtuka: mzazi gani huyo anayemwita binti yake Maumivu? Wapo wanaoamini kabisa kwamba jina la namna hiyo humwandama mtoto hadi uzeeni. Mimi nalipenda, na naona linaonewa.

Sisi tunapomwita mtoto Tabu, Shida au Mashaka, mara nyingi tunataja hali ya nyumbani wakati anazaliwa. Dolores halikutoka huko. Ni kifupi cha María de los Dolores, yule ambaye Wakatoliki wa kwetu humwita Bikira Maria Mama wa Mateso. Maumivu yanayotajwa ni yake, wala hayamhusu mtoto. Nayo huhesabiwa saba: utabiri wa mzee Simeoni kwamba upanga utamchoma moyo, kukimbilia Misri, kumtafuta Yesu siku tatu, kukutana naye njiani amebeba msalaba, kifo chake, kumpokea akiwa maiti, na kumzika. Ndiyo sababu baadhi ya sanamu zake zina panga saba kifuani. Sikukuu yake ni 15 Septemba.

Yapo mengine ya jamii hiyo hiyo, yote yakiwa sifa za Maria: Soledad (upweke), Consuelo (faraja), Angustias (dhiki). Nyumbani Dolores hugeuka Lola au Loli, na hapo huzuni huisikii tena.

Injili ya Yohana inasema mama huyo alikuwa amesimama penye msalaba. Wanafunzi wengi walikuwa wamekimbia. Kwangu jina hili lina uzito kwa sababu ya kusimama huko: mzazi anamkabidhi binti yake kwa mwanamke asiyeondoka mambo yanapokuwa magumu. Hilo ni ombi zuri kuliko majina mengi yanayosifiwa kwa utamu wa matamshi tu.

Na waliolibeba hawakuwa wanyonge. Dolores Ibárruri, aliyezaliwa mwaka 1895 katika familia ya wachimba madini huko Basque, kaskazini mwa Hispania, akawa mwanasiasa wa Kikomunisti, alizika watoto wake kadhaa, lakini Julai 1936, majenerali walipoiasi serikali, sauti yake ilisikika redioni Madrid ikisema “No pasarán”, yaani waasi hawatapita. Huko Marekani, Dolores Huerta alishiriki mwaka 1962 kuanzisha chama cha vibarua wa mashambani, watu ambao matajiri wa California hawakutaka hata kuwasikiliza.